Vyeti vya Jenoveva

Rukia binti Idrisa alifeli darasa la saba. Ilikuwa mwaka themanini na sita, na shule nzima pale kwao Lushoto, njia ya kwenda Gare, walichaguliwa wawili tu kwenda sekondari, wote wavulana, mmoja mtoto wa katibu kata. Rukia alikuwa na akili kuliko hao wawili ukiwafunga pamoja kama mzigo wa kuni, lakini akili haikuulizwa. Baba yake, Idrisa, mtu wa kulima kabichi na kusema sana, alikaa siku tatu kimya. Siku ya nne akasema, "Huyu hataishia kubeba majani ya ng'ombe."

Sasa, kurudia darasa kulikatazwa. Ukishafeli, jina lako limeshapita. Lakini watu wa milimani wana njia yao, na mabwana wengi waliokaa ofisini na tai shingoni waliipita hiyohiyo, ingawa ukiwauliza watageuka waangalie dirisha. Unatafuta shule ya mbali ambako mtoto kaacha masomo: kafa, kaolewa, au kaenda Tanga kulea watoto wa watu. Jina lake bado lipo kwenye daftari la mahudhurio. Mwalimu mkuu anapewa chochote, mtoto wako anaingia, anakalia dawati la yule, anaitika jina la yule. Akifaulu, aliyefaulu ni yule. Basi kuanzia siku hiyo mpaka kaburini, kwenye karatasi zote za serikali, mtoto wako ndiye yule.

Idrisa alikuwa na dada yake kaolewa upande wa Rangwi, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Mwalimu mkuu wa shule moja ya huko, jina lake Danieli, alipokea beberu mwekundu, akasema nafasi ipo, ya msichana anaitwa Jenoveva Kornelio, ameacha. Hakusema ameachaje. Idrisa naye hakuuliza. Mtu akitaka kitu sana, masikio yake yanakuwa madogo.

"Jenoveva," Rukia alijaribu kulitamka mbele ya shangazi yake. "Si jina la Kikristo hilo, shangazi?"

"Ni jina la sekondari. Itika, unyamaze."

Akaitika. Mwezi wa pili hivi tangu aanze, asubuhi moja mwalimu wa darasa anaita majina, mlangoni akasimama msichana aliyekonda, nywele zimenyonyoka kwa homa, sare imefuliwa mpaka imepauka. Mwalimu akaita, "Jenoveva Kornelio." Wakaitika wawili. Darasa likacheka. Danieli akaja mbio kutoka ofisini, akamshika yule msichana bega, akatoka naye. Kupitia dirishani Rukia alimwona anatikisa kichwa, anatikisa, halafu hatikisi tena. Akaenda zake na daftari lake kwapani. Kumbe hakuacha shule. Aliugua muhula mmoja.

Rukia alikuwa na miaka kumi na minne. Mtoto, watu watasema. Haya, mtoto, lakini mtoto anayeweza kutafuta kipeuo cha pili bila kutumia vidole anajua na dawati si lake. Akavuta kiti mbele, akaendelea kuandika.

Jenoveva Kornelio akafaulu, tena vizuri, akachaguliwa sekondari ya bweni, akaenda Rukia. Miaka minne, halafu miwili ya kidato cha tano na sita, halafu chuo kikuu Dar es Salaam, uinjinia. Siku za vipindi vya dini walimpanga na Wakatoliki, sista akamfundisha rozari mpaka akaijua kuliko wenyewe. Mwezi wa Ramadhani alifunga, wenzake wakadhani ana vidonda vya tumbo. Likizo akipanda milima kurudi nyumbani, akivuka daraja la mwisho tu, anakuwa Rukia, anaosha vyombo, anaswali na mama yake. Na mtu anaweza kuzoea. Ubaya wa mambo mengi ndio huo, kwamba yanazoeleka.

Alipomaliza chuo, mwaka tisini na nane, ruksa, ile ya biashara huria, ilishaingia mpaka vyumbani. Zamani mtu akitoka chuo kikuu, kazi inamfuata na barua. Yeye alikuta serikali imeacha kuajiri, viwanda vimeuzwa, na waliokuwa kazini wanapunguzwa, wanarudi milimani na masanduku yao kugombea vijishamba na ndugu zao. Akakaa Dar miezi minane anazungusha bahasha ya vyeti kwenye ofisi za watu. Halafu akarudi kwao.

Kwao kulikuwa na sekondari ya wazazi, madarasa manne ya tofali mbichi, mkuu wake akiitwa Yonathani, Mlutheri mmoja mrefu, mkavu, ambaye hajawahi kusema uongo na hajawahi kumsaidia mtu kwa sababu hiyo. Hakuwa na mwalimu wa fizikia. Alipomwona Rukia mlangoni alifungua daftari.

"Jina nani, Mwalimu?"

Hapo ndipo alipokosea. Watoto waliokuwa wanachungulia dirishani walikuwa wa jirani zake, mama zao wamechota naye maji. Angesimama pale aseme yeye ni Jenoveva? Mtaa mzima ungemcheka mpaka Idi. Na Yonathani hakudai vyeti, maana hakuwa na mshahara wa kumlipa mtu mwenye vyeti.

"Rukia Idrisa," akasema.

Akafundisha miaka miwili, na alifundisha hasa, hilo hata adui hawezi kumnyang'anya. Maabara hakuna, akakata ndoo ya plastiki, akapanga mchanga, changarawe na mkaa, akawamwagia watoto maji ya mfereji juu, chini yakatoka meupe. Ndiyo maji waliyokuwa wanakunywa hao. Huko bondeni, tangu biashara iachiwe, dawa za kabichi zilikuwa zinauzwa kila duka, zinapimwa kwenye chupa za soda, bwana shamba haonekani, na mtu akimaliza kupiga dawa anasuuza bomba mferejini. Chini yake mwenzake anachota ya kupikia. Wanafunzi wa Rukia walikuwa wanakuja darasani na vipele, na matumbo yanawauma. Akawa anaandika: tarehe, nani, kanywa wapi. Baadaye akasoma mahali kwamba maji machafu yakipitishwa polepole kwenye kitanda cha matete, mizizi inayasafisha.

Kwa hilo akarudi chuo, mwaka elfu mbili na moja, shahada ya pili, uinjinia wa mazingira. Jina, Jenoveva Kornelio. Mwaka wa kwanza alilipa kwa mbuzi na kabichi za Idrisa na michango ya wajomba. Likizo akaja na kamba na vijiti kupima bonde, akaomba kijiji, kijiji kikampa siku moja ya msaragambo. Watu wakatoka na majembe, wakachimba mabwawa matatu madogo yanayopokezana maji, wakapanda matete. Wanawake walimcheka.

"Rukia, mndee, umesoma mpaka mwisho wa vitabu uje utupandie matete? Si kila mwaka tunayafyeka haya?"

"Mwaka huu msiyafyeke."

"Haya, mheshimiwa wa matete."

Lakini walichimba. Na maji yakaanza kubadilika. Rukia alipima kila wiki, akaandika kwenye daftari la jalada gumu, na kwa mara ya kwanza maishani aliona kitu anachokifanya ni chake.

Mwaka wa pili haukuwa na mbuzi tena. Zizi la Idrisa lilibaki kamba. Msimamizi wake pale chuoni, mtu mwema, akamletea fomu ya mfadhili wa nje anayelipia kila kitu, ada, vipimo, hata posho.

"Wanataka watu waliowahi kufundisha," akamwambia. "Miaka miwili kwenda juu, na barua ya shule. Wewe si umefundisha?"

"Nimefundisha."

"Basi hiyo yako imekwisha. Jaza, niletee kabla ya mwisho wa mwezi."

Rukia alifurahi mpaka usiku. Kesho yake akakaa kuijaza. Sehemu ya tatu, historia ya masomo: Jenoveva Kornelio, Jenoveva Kornelio, Jenoveva Kornelio. Sehemu ya nne, historia ya kufundisha. Kalamu ikasimama hapo hewani, maana Jenoveva Kornelio hajawahi kufundisha mtu.

Akapanda milimani, wiki tatu zimebaki. Kwanza kwa Yonathani.

"Barua nakuandikia sasa hivi," alisema mkuu wa shule, na akaandika, ukurasa mzima, mwandiko umesimama kama askari. Mwalimu Rukia Idrisa, bora kuliko wote waliopita hapa. Akampa. Rukia akaisoma, akaomba akae.

"Mkuu, ninaomba uandike Jenoveva Kornelio."

"Ni nani huyo?"

Akamweleza yote. Yonathani alisikiliza, mikono juu ya meza.

"Mwalimu Rukia ninamjua," akasema. "Sahihi yake ipo kwenye ripoti za watoto mia na ngapi. Huyo mwingine hakufundisha hapa."

"Ni mimi, Mkuu."

"Ninajua ni wewe. Ndiyo maana siwezi kuandika ni mwingine."

Na huyo ni muungwana, watu wanamsifu kanisani mpaka leo. Barua nzuri kuliko zote aliyopata Rukia maishani ilikuwa ile, na haikumfaa hata kufungia chumvi.

Nyumbani Idrisa alipoelezwa alikaa kwenye kigoda, akakuna goti.

"Nimpelekee nani beberu safari hii?" akauliza.

"Hakuna wa kumpelekea, tate."

"Lazima yupo. Siku zote yupo."

"Na beberu hatuna."

Idrisa akazidi kukuna. Mkewe akamwambia aache kukuna goti, litatoka damu.

Ikabaki mahakama. Watu husema ukiwa na majina mawili unaapa kwa hakimu, unaandikiwa karatasi, Fulani ndiye Fulani, imekwisha. Rukia akashuka Lushoto mjini, akamkuta karani wa mahakama ya mwanzo, mzee Omari, anakula muhogo juu ya mafaili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe wa Idrisa. Umenenepa." Hakunenepa.

Akamweleza. Omari akafuta vidole.

"Mwanangu, huyo mtu angekuwa amekufa ningekugongea mhuri sasa hivi na tungekunywa chai. Tatizo yeye mzima. Jumapili iliyopita nimenunua karoti kwake."

"Labda ni mwingine."

"Jenoveva wa Kornelio, wa Rangwi, aliyeolewa hapa mjini akaachika. Unadhani wako wangapi?" Akachukua kipande kingine. "Nikiandika kwamba wewe ndiye Jenoveva, yule nimwandike nani? Mlete. Aseme mbele yangu kwamba jina hilo halidai, mimi nitakuandikia. Kama hataki, usirudi hapa, maana utanifanya niulize umelipataje, na hilo lina kifungo, na vyeti vyako vyote vitakwenda na maji."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na Rukia aliiona wazi kama hesabu. Akisema yeye ni Rukia, amefundisha lakini hajasoma. Akisema yeye ni Jenoveva, amesoma lakini hajafundisha. Mtu mwenye vyote viwili hakuwepo kwenye karatasi yoyote Tanzania nzima.

Siku ya soko akaenda. Alimtambua kabla hajafika, kwa namna alivyosimama. Nywele ziliota, mwili ulijaa, alikuwa anaosha karoti kwenye beseni na kuzipanga mafungu. Rukia akasimama mbele yake na bahasha.

"Habari za hapa, dada."

Yule mwanamke aliinua uso, akamtazama, akarudi kwenye beseni.

"Nzuri, wajina," akasema. "Karibu."

Kumbe alijua siku zote. Kwa nini asijue? Habari za msichana wa Gare mwenye jina la Rangwi zilishavuka hii milima mara ngapi.

Rukia akachuchumaa, akaanza kueleza. Alizunguka sana, maji ya bondeni, watoto, matete, mfadhili. Jenoveva aliendelea kuosha. Mwishoni akasema, "Hizo karatasi umekuja nazo?"

"Ninazo."

"Nisomee."

"Zote?"

"Si zangu? Nisomee."

Rukia akafungua bahasha. Akasoma hapo chini, kati ya kabichi na viatu vya mtumba. Jenoveva Kornelio, kidato cha nne, daraja la kwanza. Hisabati A. Fizikia A. Kemia A. Wauza nyanya wa pembeni wakaacha kuita wateja.

"Kiswahili?" Jenoveva akauliza.

"B."

"Kiswahili mimi ningepata A," akasema, na muuza nyanya akacheka. "Endelea."

Akaendelea mpaka digrii. Alipomaliza, Jenoveva alikuwa ameacha kuosha, mikono iko ndani ya maji tu.

"Nimesoma sana," akasema.

"Dada, ninachoomba ni kitu kidogo. Twende kwa mzee Omari, useme jina hulidai. Dakika kumi."

"Nisipolidai, niitwe nani?"

"Utaitwa vilevile. Ni karatasi tu."

"Ingekuwa karatasi tu usingekuja kuchuchumaa hapa na sketi nzuri hiyo." Akatoa karoti, akaipangusa kwa kidole gumba. "Nina binti, yupo la saba mwaka huu. Kila siku ninamwambia, mama yako aliishia la sita, si kwa ujinga, aliugua, akarudi akakuta mtu. Nikaape mahakamani kwamba aliyeugua hakuwepo? Halafu nirudi nyumbani nimpikie?"

"Nilikuwa mtoto," Rukia akasema.

"Na mimi nilikuwa nani?"

Rukia akarudisha vyeti ndani ya bahasha. Msamaha hakuomba. Wapo watakaosema moyo ulimjaa, maneno yakakwama kooni. Hapana. Alikuwa anahesabu siku: kumi na mbili zimebaki. Akasema tena, kwa sauti ya chini, "Kuna maji ya watoto, dada. Si yangu peke yangu."

"Maji unayajua wewe," Jenoveva akasema. "Mimi jina langu ndilo ninalolijua. Nunua karoti au usogee, unanizibia wateja."

Akanunua fungu moja. Akapewa na nyongeza mbili, kama mteja mwingine yeyote, na hilo lilimuuma kuliko tusi.

Wiki iliyofuata aliijaza fomu mezani posta ya Lushoto. Barua ya Yonathani alikuwa nayo kwenye mkoba. Angeiambatanisha, mtu mmoja tu ofisini angeuliza Rukia ni nani, na kila kitu kingefumuka mpaka darasa la saba. Kwenye sehemu ya nne, historia ya kufundisha, hakuandika kitu, akapiga mstari mtupu. Miaka miwili, watoto mia na zaidi, ndoo na mchanga na mkaa, akaipigia mstari kwa rula ili unyooke. Akaweka sahihi ya Jenoveva, akalipa stempu.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, fupi, lenye adabu. Nafasi zimekwenda kwa waombaji wenye uzoefu wa kufundisha. Msimamizi alihangaika wiki moja, akampigia huyu na yule, halafu na yeye ana mambo yake. Ada haikulipwa, jina likaondolewa.

Akarudi kwa Yonathani, akapewa fizikia kidato cha kwanza hadi cha nne. Mwalimu wa muda, kwa sababu Rukia Idrisa hana cheti hata kimoja cha kuonyesha.

Kiangazi, gari la chuo lilipanda mpaka bondeni, akashuka kijana anaitwa Abdallah, mwanafunzi mpya wa shahada ya pili, viatu vya mpira, kofia. Mradi wa matete ulikuwa umepewa yeye. Alihitaji kibarua wa kuchota maji kila wiki, na Yonathani, ambaye hasemi uongo, alimwambia yupo mtu pale anayelijua bonde vizuri. Akamtuma Rukia. Shilingi zilihitajika, akaenda.

Abdallah alikuwa na heshima, alimwita dada. Akamwonyesha mabwawa matatu na kumweleza polepole, kwa mikono, kwamba mizizi ya matete inashika uchafu. Rukia akasema ndiyo. Halafu kijana akatoa daftari la jalada gumu alilokabidhiwa chuoni, akalifungua juu ya goti. Mwandiko wa Rukia, wino wa bluu, kurasa na kurasa.

"Huyu aliyeanza alikuwa makini sana," Abdallah akasema. "Ila vipimo vyake vya mwezi wa nne vinaruka ghafla, sielewi kwa nini. Jenoveva Kornelio. Ni wa huku huku, unamfahamu?"

Mwezi wa nne mvua kubwa ilibomoa ukingo wa bwawa la pili, maji ya mfereji yakaingia bila kupita kwenye matete. Rukia aliujenga upya kwa mikono, yeye na Idrisa, matope mpaka mapajani.

"Namfahamu," akasema. "Anauza karoti sokoni, Lushoto."

"Mwenye digrii ya uinjinia?"

"Kazi hazipo."

Kijana akatikisa kichwa, akaandika pembeni: amtafute. Akageuza ukurasa.

"Na wewe, dada, nikuandike nani kwenye orodha ya vibarua?"

"Rukia Idrisa."

"Elimu?"

Mtu mmoja mbali kule juu alikuwa anapiga dawa kabichi, bomba likisikika, ch, ch, ch.

"Darasa la saba," Rukia akasema.

"Ulifaulu?"

"Nilifeli."

Abdallah akaandika. Halafu akampa chupa, akamwonyesha namna ya kuishika, shingoni, si mdomoni, ili vidole visichafue maji.